Mkaa wa Morogoro: Mali bila daftari hupotea bila habari

TRENI ya umeme inayotoka Dar es Salaam kwenda Dodoma imekuwa ikipita Kilosa tangu mwaka 2024 bila kuacha moshi nyuma yake. Katika wilaya hiyo hiyo ya Mkoa wa Morogoro, magunia ya mkaa bado yanapangwa kando ya barabara yakisubiri malori, na mengi yanakwenda katika jiji lile lile treni inakotoka. Abiria anasafiri kwa umeme, lakini akifika nyumbani anakuta maharage yanachemka kwa mkaa uliotoka katika misitu aliyoiona dirishani.

Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania katika nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Kabla ya hapo, taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zilikuwa zimeagizwa kuachana na kuni na mkaa. Tangu wakati huo mjadala umekuwa wa jikoni: mitungi ya gesi, majiko ya umeme, ruzuku na bei ya kujaza.

Upande wa pili wa biashara hiyo, yaani kijijini mkaa unakotoka, hauzungumzwi sana. Jiji likipunguza mkaa, msitu uliokuwa ukiutoa utakuwa na kazi gani? Na mwananchi aliyekuwa akipata ada ya shule kutokana na msitu huo ataitafuta wapi? Jibu la maswali hayo ndilo litakaloamua kama ukanda wa Morogoro, Pwani na Dar es Salaam utajenga uchumi usiochafua hewa, au utahamisha uharibifu kutoka kwenye tanuri na kuupeleka kwenye jembe.

Biashara kubwa isiyo na vitabu

Ukubwa wa biashara ya mkaa ulifahamika vizuri mwaka 2009, Benki ya Dunia ilipotoa ripoti iliyokadiria kuwa mkaa nchini Tanzania ulikuwa na thamani ya dola za Marekani milioni 650 hivi kwa mwaka. Kahawa na chai zikijumlishwa hazikufikia kiasi hicho katika mchango wake kwa uchumi. Ripoti hiyo ilikadiria pia kuwa Serikali na halmashauri zilikuwa zikikosa mapato yapatayo dola milioni 100 kila mwaka, kwa kuwa sehemu kubwa ya mkaa ilipita bila kibali wala ushuru.

Katika kipindi hicho hicho matumizi ya mjini yalikuwa yanapanda. Kaya za Dar es Salaam zilizotumia mkaa kama nishati yao kuu ya kupikia ziliongezeka kutoka asilimia 47 mwaka 2001 hadi asilimia 71 mwaka 2007. Jiji lilikuwa likikua, na mafuta ya taa na gesi yalikuwa ghali kwa watu wa kipato cha chini.

Mchuuzi wa mkaa anaijua sababu nyingine ambayo wataalamu huchelewa kuiona. Mkaa unauzwa kwa kopo na kwa fungu. Mteja mwenye fedha ya chakula cha leo tu anaweza kununua mkaa wa leo tu. Mtungi wa gesi, hata ule mdogo, unadai fedha nyingi kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo kaya maskini inaweza kutumia fedha nyingi zaidi kwa mwezi ikinunua mkaa kidogo kidogo, lakini haina namna ya kukusanya fedha za kujaza mtungi. Si kwamba wanawake wa Mbagala na Manzese hawajui hesabu. Wanaijua sana, ila wanaipiga kwa siku badala ya mwezi.

Hivyo mkaa una soko la uhakika, wafanyakazi wengi na fedha taslimu. Unachokosa ni vitabu. Hakuna anayeandika ni miti mingapi imekatwa, imekatwa wapi, nani alilipwa na itachukua miaka mingapi kuota tena. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na misitu ya vijiji imekuwa ikipotea hivyo hivyo.

Marufuku hazikufua dafu

Jibu la kwanza la watawala wengi limekuwa ni kupiga marufuku. Mwanzoni mwa mwaka 2006 Serikali ya Tanzania ilisimamisha uvunaji na usafirishaji wa mkaa. Bei ikapanda mijini, wananchi wakalalamika, na baada ya muda mfupi amri hiyo ikalegezwa.

Majirani nao wamepita njia hiyo. Kenya ilisimamisha uvunaji katika misitu ya umma na ya jamii Februari 2018, na bei ya mkaa katika miji yake ikapaa huku mwingine ukiingia kutoka nchi jirani. Uganda nayo mwaka 2023 ilipiga marufuku biashara ya mkaa katika maeneo ya kaskazini mwa nchi hiyo.

Amri za namna hiyo zinamlenga mchoma mkaa na dereva wa lori, lakini hazimgusi anayesubiri kupika. Sufuria ikiwa bado iko jikoni na hakuna nishati nyingine iliyo karibu kwa bei anayoimudu, mkaa utatafuta njia. Utapita usiku, utapita njia za panya, na utafika sokoni ukiwa na gharama ya ziada ya kukwepa vizuizi. Gharama hiyo haiingii Hazina wala haifiki kijijini.

Kwa mfanyabiashara mdogo, marufuku ina madhara mengine. Mwenye mtaji mkubwa na watu wanaomfahamu njiani anaendelea na biashara, wakati mwenye baiskeli na magunia mawili ndiye anayekamatwa. Biashara inabaki mikononi mwa wachache, na mchomaji wa kijijini analazimika kuuza kwa bei anayotajiwa.

Tanuri na jembe

Imezoeleka kusema kwamba mkaa ndio unaomaliza misitu. Ukweli una pande mbili. Tathmini rasmi za nchi zilionyesha kuwa kati ya mwaka 2002 na 2013 Tanzania Bara ilipoteza wastani wa hekta 469,420 za misitu kila mwaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 baada ya kukagua maeneo mengi yaliyokatwa ulibaini kuwa kisababishi kikuu cha kutoweka kwa misitu ni kilimo, hasa upanuzi wa mashamba. Mkaa ulionekana pia, lakini mara nyingi uliambatana na shamba jipya: miti inakatwa ili kupata shamba, kisha magogo yanachomwa mkaa badala ya kuachwa yateketee bure.

Tofauti hiyo si ya maneno tu. Msitu wa miombo, ambao ndio umetanda sehemu kubwa ya Kilosa na mikoa mingine mingi, una tabia ya kuchipua. Mti ukikatwa vizuri na kisiki chake kikaachwa, machipukizi huota kutoka kwenye kisiki na mizizi bila mtu kupanda kitu. Mahali palipochomwa mkaa na kuachwa panaweza kurudi kuwa msitu. Lakini mahali palipong'olewa visiki, pakalimwa na kupaliliwa kila msimu, hapachipui tena. Hewa ukaa iliyokuwa imehifadhiwa katika miti hiyo imekwenda, na haitarudi maadamu jembe linaendelea.

Mkulima anayefyeka msitu hafanyi hivyo kwa uharibifu wa tabia. Anapiga hesabu. Shamba jipya lina rutuba na magugu machache, na linatoa mahindi au ufuta bila mbolea kwa misimu michache. Bei ya ufuta ikiwa nzuri, ekari moja iliyofyekwa inampa fedha anazozishika mkononi mwaka huo huo. Msitu uliosimama unampa nini? Kama jawabu ni "hakuna", basi hakuna bango la kuhifadhi mazingira litakalomzuia.

Kilosa walivyofungua daftari

Jaribio la kubadili hesabu hiyo lilianza mwaka 2012, wilayani Kilosa. Mradi wa kuleta mageuzi katika sekta ya mkaa ulianzishwa na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania (TFCG), kwa kushirikiana na mtandao wa vijiji vinavyosimamia misitu, MJUMITA, pamoja na shirika la nishati la TaTEDO. Fedha zilitoka kwa shirika la maendeleo la Serikali ya Uswisi. Baadaye mradi ulienea hadi wilaya za Mvomero na Morogoro, na kufikia vijiji 30 hivi.

Msingi wake ulikuwa ni sheria iliyokuwapo tayari. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zinakiwezesha kijiji kutenga msitu wake, kuuandikia mpango wa usimamizi, kuweka sheria ndogo na kubaki na mapato ya uvunaji. Vijiji vingi nchini vina misitu hiyo, ila vimeizoea kama ya kulinda tu. Kilosa walijaribu kuifanya ilinde na ilipe.

Utaratibu wenyewe ni rahisi kueleweka. Kwanza kijiji kinapanga matumizi bora ya ardhi: hapa mashamba, hapa malisho, hapa msitu. Ndani ya msitu inatengwa sehemu ya mkaa, mbali na vyanzo vya maji na miteremko mikali. Sehemu hiyo inagawanywa katika vitalu vya mita 50 kwa 50. Vitalu vinavyopakana havivunwi pamoja, bali vinarukwa kama bao la drafti, ili kitalu kilichokatwa kizungukwe na miti inayokikinga na kukiletea mbegu. Kitalu kikishavunwa kinapumzishwa, na mzunguko mzima ni wa miaka 24.

Tuchukue mfano wa kijiji kilichotenga hekta 480 kwa ajili ya mkaa. Ukigawa kwa miaka 24, kila mwaka kinavuna hekta 20 tu. Hekta moja ina vitalu vinne, hivyo ni vitalu 80 kwa mwaka. Kamati ya maliasili ya kijiji inajua namba hiyo, wachomaji waliosajiliwa wanaijua, na mkutano mkuu wa kijiji unaweza kuuliza: mwaka huu tumevuna vingapi, magunia mangapi yametoka, fedha ziko wapi? Hilo ndilo daftari lililokuwa likikosekana.

Ada ya kila gunia iliingia katika akaunti ya kijiji. Vijiji vilitumia fedha hizo kujenga madarasa, nyumba za watumishi, huduma za afya na maji, na kulipia doria ya msitu wenyewe. Mchomaji naye alibaki na mauzo yake na akafanya kazi mchana, bila kukimbia askari. Kwa mara ya kwanza katika vijiji hivyo, msitu uliosimama ulikuwa na mshahara wa kila mwaka. Mwananchi aliyetaka kufyeka kipande chake alikuwa anakula fedha ya darasa la mtoto wa jirani, na jirani alikuwa na sababu ya kusema.

Hesabu ya tanuri na jiko

Faida ya utaratibu huu haiishii kwenye ada. Kuna upotevu mkubwa katika sehemu mbili ambazo mkulima na mchuuzi wanaweza kuzirekebisha bila kusubiri mtambo kutoka nje.

Sehemu ya kwanza ni tanuri. Tanuri la kienyeji, lenye magogo mabichi yaliyopangwa kiholela na kufukiwa udongo, linaweza kutoa tani moja tu ya mkaa kutokana na tani 10 za kuni. Tanuri lililoboreshwa, ambalo magogo yake yamekaushwa na kupangwa yakabanana, lenye matundu ya hewa, bomba la moshi na mtu wa kulisimamia mchana na usiku, linaweza kutoa hadi tani mbili kutokana na kuni zile zile. Udongo ni ule ule na jembe ni lile lile. Kinachoongezeka ni ujuzi na subira.

Sehemu ya pili ni jiko. Jiko banifu lenye udongo wa kufinyanga ndani linaweza kupunguza mkaa unaotumika kwa theluthi moja au zaidi, ukilinganisha na jiko la bati la kawaida.

Ziunganishe sehemu hizo mbili. Mapishi yaliyohitaji tani 10 za kuni sasa yanahitaji tani tano kwa sababu ya tanuri, na baada ya jiko banifu yanahitaji tani tatu na kidogo. Katika kila miti 10 iliyokuwa ikianguka, sita au zaidi inabaki imesimama, na ugali unaiva kama kawaida. Hakuna mwekezaji wa kigeni katika hesabu hiyo. Kuna fundi wa majiko, mchomaji aliyefundishwa na mama aliyeshawishika kununua jiko la bei ya juu kidogo kwa sababu ameona mkaa wake unadumu.

Hata hivyo, ni lazima kusema wazi kwamba mkaa endelevu si nishati isiyo na madhara. Miti inayochipua hufyonza tena hewa ukaa iliyotoka jikoni, lakini moshi wa tanuri una gesi nyingine zinazochangia joto duniani, na moshi wa jiko unaumiza mapafu ya mpishi na watoto walio karibu naye. Kwa hiyo mkaa wa aina hii ni daraja la kuvukia, na daraja halijengwi ili watu wahamie juu yake.

Palipovuja

Kama mpango wa Kilosa ulikuwa na manufaa kiasi hicho, kwa nini haujaenea nchi nzima? Sababu zipo, na wafanyabiashara watazitambua haraka.

Ya kwanza ni ushindani usio wa haki. Gunia lililotoka katika kitalu halali limelipiwa ada ya kijiji, limeandikwa na lina stakabadhi. Gunia la wizi halina gharama hizo. Yote mawili yakifika Tandale yanafanana, yana uzito ule ule na yanawaka sawasawa. Mnunuzi anachagua lililo rahisi. Maadamu magunia ya wizi yanapita kwenye vizuizi, mwenye kufuata sheria ndiye anayeadhibiwa na soko.

Ya pili ni kuyumba kwa kanuni. Mwaka 2019 zilitoka kanuni mpya za uvunaji na biashara ya mazao ya misitu. Kanuni hizo ziliongeza masharti na hatua za vibali, na biashara katika vijiji vilivyokuwa vimejipanga ikatikisika. Mpango unaotegemea mzunguko wa miaka 24 hauwezi kustawi pale ambapo masharti yanaweza kubadilika kabla kitalu cha kwanza hakijaota machipukizi ya kumfikia mtu kiunoni. Wanunuzi hawasubiri. Wakiona karatasi ni nyingi kijiji hiki, wanakwenda kule kusiko na karatasi.

Ya tatu iko kijijini kwenyewe. Fedha za msitu zikiingia akaunti moja na mkutano mkuu usisomewe mapato na matumizi, wananchi huanza kunong'ona, na minong'ono ikizidi kila mtu anarudi kwenye panga lake. Daftari linalofichwa kabatini halina tofauti kubwa na daftari lisilokuwepo.

Jiji linakunywa msitu huo huo

Dar es Salaam ina sababu nyingine ya kujali kinachotokea Morogoro, nayo haihusiani na jiko. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya jiji hutoka Mto Ruvu, na Ruvu unapata maji yake katika Milima ya Uluguru. Oktoba na Novemba 2022 mto huo ulipungua sana na jiji likaingia katika mgawo wa maji. Wenye magari ya maji walipata soko, lakini wenye migahawa, saluni na viwanda vidogo walihesabu hasara.

Kilosa nayo inakumbuka mafuriko ya mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010, Mto Mkondoa ulipofurika, ukawaacha maelfu ya watu bila makazi na kukata Reli ya Kati. Hakuna anayeweza kusema mafuriko au ukame ule ulitokana na mkaa peke yake. Mvua ina mambo yake, na kuta za kuzuia mto zilikuwa zimechoka. Lakini mteremko usio na miti huteremsha maji na mchanga kwa kasi wakati wa masika na hauna cha kutoa wakati wa kiangazi. Jiji linalonunua mkaa wa bei rahisi linaweza kuja kulipia tofauti hiyo kwenye ndoo ya maji.

Jiji likihama, kijiji kifanye nini?

Sasa mambo yanabadilika. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilikamilisha mitambo yake yote tisa mwaka 2025. Nguzo za umeme zimefika katika vijiji vingi, na gesi ya mitungi imesogea hadi maduka ya mitaani. Mama lishe anayetumia jiko la umeme la presha anaweza kuivisha maharage kwa chini ya uniti moja. Ikiwa kasi hiyo itaendelea, mahitaji ya mkaa mijini yanaweza kushuka.

Mtu wa mjini ataiona hiyo kuwa ni habari njema tupu. Kwa kijiji kilichoandaa vitalu vyake, kuna hatari ndani yake. Mkaa ukikosa bei, kitalu kinakosa ada. Ada ikikosekana, doria inakufa. Doria ikifa, msitu unarudi kuwa ardhi isiyolipa, na mwenye jembe anasubiri pembeni. Taifa litakuwa limeondoa moshi jikoni na kupoteza msitu shambani, na hesabu ya hewa ukaa itatoka vibaya kuliko mwanzo.

Njia za kuziba pengo hilo zipo, ila kila moja ina masharti yake. Mbao kutoka miti mikubwa ya msitu wa kijiji zinaweza kulipa vizuri zaidi ya mkaa, iwapo kijiji kitauza kwa kipimo na mnada badala ya kumwachia mnunuzi achague mti na bei. Ufugaji wa nyuki unafaa katika miombo, lakini asali inahitaji vifungashio, ubora na mnunuzi wa kudumu, vinginevyo inaishia kwenye chupa za maji kando ya barabara.

Biashara ya hewa ukaa nayo imeingia nchini. Serikali ilitoa kanuni zake mwaka 2022, na vijiji vya Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi vimepata mabilioni ya shilingi kwa kutunza misitu yao. Hata hivyo, soko la hiari la hewa ukaa lilishuka bei baada ya miradi kadhaa duniani kutiliwa shaka. Kijiji kinachotaka kuingia huko kisome mkataba kabla ya kupiga muhuri: ni wa miaka mingapi, nani anapima, kijiji kinapata sehemu gani ya mauzo, na bei ikianguka nani anabeba hasara. Mkataba wa miaka 30 unawafunga watoto ambao hawajazaliwa.

Pamoja na yote hayo, kazi kubwa iko shambani. Mkulima anayehama kila baada ya misimu michache ataendelea kufyeka mpaka ekari yake ya zamani imlipe. Mbolea ya samadi, kupanda mikunde pamoja na mahindi, kuacha mabua yafunike udongo na kupanda mbegu bora kwa nafasi ni mambo yanayojulikana. Hayafanyiki kwa sababu maofisa ugani ni wachache na mkopo wa pembejeo ni mgumu. Shilingi inayomwezesha mkulima kubaki kwenye ekari yake ni shilingi ya kupunguza hewa ukaa, hata kama haiitwi hivyo katika bajeti.

Wachuuzi nao wasisubiri kushtukizwa. Mwenye genge la mkaa ana kitu ambacho kampuni kubwa hazina: anamfahamu kila mteja wa mtaa wake na anajua nani hukopa na nani hulipa. Anaweza kuuza majiko banifu kwa malipo ya kidogo kidogo, kuuza mkaa mbadala unaotengenezwa kwa pumba na mabaki ya mazao, au kuwa wakala wa gesi. Halmashauri zinazopeleka mitungi ya ruzuku zikimpita mtu huyo, zitakuwa zinampiga vita yule yule ambaye angeweza kuwa mgambo wao wa mbele.

Kwa upande wa Serikali, mahitaji ni mawili na hayana gharama kubwa. Gunia halali litambulike kwa alama kuanzia kitaluni hadi sokoni, na lisilo na alama lisipite kizuizini. Pia kanuni zikishawekwa, zikae muda wa kutosha ili kijiji kiweze kupanga miaka 24 bila kuogopa tangazo la wiki ijayo.

Mwaka 2034 hauko mbali. Mtoto anayeanza darasa la kwanza leo atakuwa bado yuko shuleni. Kitalu kilichovunwa Kilosa katika miaka ya kwanza ya mradi kitakuwa na machipukizi ya miaka 20 hivi, karibu kuvunwa tena kwa haki. Kama kitakuwa bado ni kitalu au kimekuwa shamba la ufuta, itategemea kitakuwa kimeandikwa nini katika daftari la kijiji, na ni nani aliyeruhusiwa kulisoma.